Kiuno ni kilekile: ngoma ipi ya filamu za Kihindi uwafundishe mabinti?

Binti wa kaka yangu anaolewa, na mabinti sita wa ukoo wameniomba niwafundishe dansi ya Kihindi ya kucheza usiku wa kupamba. Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Mombasa. Kawaida huletewa wimbo kwenye simu, nikausikiliza mara mbili tatu, tukaanza mazoezi. Safari hii nimekataa kupiga hata hatua moja kabla hatujakaa tukazitazama ngoma zenyewe pamoja. Sababu ni mdogo wao, mwenye miaka 13, aliyekutwa na kikopo cha krimu ya kujichubua chini ya mto. Hakudanganya. Alisema anataka rangi yake iwe tayari kabla ya harusi, kwa kuwa dada wa kwenye wimbo waliouchagua ni mweupe, na wasichana wanaocheza nyuma yake ni weupe zaidi.

Sikumgombeza. Mimi mwenyewe nilijifunza uzuri kwenye kioo hichohicho. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na sinema za Kihindi. Regal, Majestic na Naaz zilikuwa majumba ya mama zetu. Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Juma Bhalo aliimba taarabu kwa mahadhi ya Kihindi mpaka wengine wakasahau kwamba mahadhi yale yalivuka bahari. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtoto aachane na Wahindi hao. Ninaloweza ni kumsaidia achague, na huu ndio ulinganisho tulioufanya kwa siku nne sebuleni. Nauandikia mzazi, shangazi au somo yeyote mwenye swali kama langu.

Watu wengi hupima ngoma hizi kwa urefu wa nguo. Nitaonyesha baadaye jinsi kipimo hicho kinavyodanganya. Mimi nilitazama mambo matatu. Anayecheza ni nani katika hadithi: ana jina na jambo analolitaka, au ameletwa dakika tano kisha akatoweka? Kamera inamwonyesha mzima, uso mpaka nyayo, au inamkatakata? Na mwili unaohesabiwa mzuri ni wa aina moja tu, au wengine nao wana nafasi?

Rosie na Sahibjaan

Tulianza na filamu mbili za zamani, *Guide* ya 1965 na *Pakeezah* ya 1972, kwa sababu zote zinamhusu mwanamke ambaye dansi imemtia aibu. Rosie wa *Guide* ni binti wa mwanamke aliyekuwa mcheza ngoma wa hekalu. Ameolewa ili asitiriwe, na mumewe, mtafiti wa mambo ya kale, hataki hata kusikia mlio wa njuga. Sahibjaan wa *Pakeezah* amekulia katika nyumba ya tawaif, wale wanawake waliocheza mujra mbele ya wanaume wenye fedha.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Rosie, aliyeigizwa na Waheeda Rehman, ananunua njuga sokoni, anazifunga miguuni, na tangu siku hiyo dansi ni yake. Inamlisha na kumpa jina. Waheeda alikuwa amesomea Bharatanatyam, dansi ya jadi ya India Kusini, kwa kweli, na hilo linaonekana: katika ule wimbo mrefu wa kupanda kwake umaarufu, *Piya Tose Naina Laage Re*, kamera inakaa mbali vya kutosha uone kisigino kikigonga ardhi na jicho likijibu kwa wakati mmoja. Mabinti walijaribu hatua zile wakachoka baada ya dakika mbili. Nilifurahi. Mtu akichoka anajua kwamba alichokiona ni kazi na ujuzi, na kwamba sura peke yake isingefika hapo.

*Pakeezah* ni nzuri zaidi kwa macho. Sioni haja ya kulificha hilo. Meena Kumari, ambaye ndiye Sahibjaan, akicheza *Inhi Logon Ne*, nyuma yake roshani zimejaa wanawake wengine wanaocheza, huwezi kugeuza uso. Lakini fuata habari ya miguu. Mwanamume asiyemjua anaingia katika behewa lake la treni, anamkuta amelala, anamwachia kijikaratasi kinachosifu uzuri wa miguu yake na kumwomba asiikanyagishe chini isije ikachafuka. Mwishoni mwanamke huyohuyo anacheza juu ya vigae vya kioo katika harusi ya mwanamume huyo, na miguu ileile inatoka damu. Kilichosifiwa ndicho kilichoumizwa, na filamu inatutaka tuyaone yote mawili kuwa uzuri. Halafu kuna jambo la nje ya hadithi. Utengenezaji ulichukua zaidi ya miaka kumi, Meena Kumari akawa mgonjwa sana, na baadhi ya sehemu za dansi zikachezwa na Padma Khanna, uso ukifichwa kwa mtandio. Filamu ilitoka tarehe 4 Februari 1972. Meena Kumari alifariki tarehe 31 Machi mwaka huohuo.

Mkubwa wa mabinti alilia, akasema tucheze hiyo. Nikamwambia itazame mara kumi ukitaka, lakini usimchezee biharusi ngoma ya mwanamke anayejikata miguu kwa ajili ya mwanamume. Kati ya hizi mbili, ya kufundishia ni *Guide*.

Katikati yao niliweka *Umrao Jaan* ya 1981, nayo ni ya tawaif, wa Lucknow. Rekha humo sehemu kubwa ya mujra ameketi. Anacheza kwa kiganja, kwa shingo, kwa kope, na sauti ya Asha Bhosle, mwimbaji anayemwimbia bila kuonekana, inatembea taratibu pamoja naye. Ukiwa na shangazi wa miaka 60 anayetamani kushiriki, au binti mnene anayeona haya, hii ndiyo yao. Tena niliwaeleza mabinti kwamba Rekha alipoanza kuigiza alisemwa waziwazi kwa weusi wake na unene wake, huyu ambaye leo anatajwa kuwa kipimo cha uzuri. Mdogo aliuliza, "Shangazi, huyu alikuwa mweusi?" Akaisogelea televisheni kutazama.

Helen upande mmoja, stelingi wa kike upande wa pili

Ukizungumza ngoma za filamu bila Helen umeruka nusu ya habari. Alizaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1938, na akiwa mtoto mdogo alikimbia vita na familia yake mpaka India, sehemu kubwa ya safari wakienda kwa miguu. Alianza nyuma kabisa katika kundi la wacheza dansi. Mwaka 1958, katika *Howrah Bridge*, akapata wimbo wake, na kwa karibu miaka 20 ikawa hakuna klabu ya usiku katika sinema ya Kihindi isiyokuwa na Helen.

Tazama mgawanyo wa kazi katika filamu za wakati ule. Stelingi wa kike huvaa sari, huimbiwa mara nyingi na Lata Mangeshkar, na hucheza bustanini au mbele ya Mungu wake. Helen huvaa manyoya na wigi, huimbiwa na Geeta Dutt au Asha Bhosle, hupewa jina la kizungu kama Kitty au Monica, anashika glasi, na kabla ya filamu kwisha mara nyingi hula risasi. Mwanamke mwema hana mwili, na mwenye mwili si mwema. Watazamaji walipata vyote viwili kwa tiketi moja. Mpaka sauti ziligawanywa, ingawa zipo tofauti: mwaka 1969, katika *Intaquam*, Lata mwenyewe alimwimbia Helen.

Lakini ukiacha hadithi ukamtazama mcheza dansi, Helen ni mwalimu mkubwa. Zile nguo zilizoonekana kama ngozi tupu mara nyingi zilikuwa na kitambaa cha rangi ya mwili chini yake. Alijisitiri kuliko tulivyodhani. Uso wake unacheka na dansi, hauombi kitu. Kama unafundisha wasichana wakubwa walioshaelewa mambo, waoneshe Helen, kisha waulize kwa nini huyu lazima afe. Kwa mtoto wa miaka 13 ningesubiri. Atachukua manyoya na kuliacha swali.

Madhuri na nyimbo za aitemu

Hapa ndipo mabinti wengi wa leo walipo, na ndipo tulipogombana.

Aitemu ni wimbo wa dansi unaochomekwa katika filamu ili kuivutia. Anayeucheza mara nyingi hayumo kabisa katika hadithi. Anaingia, anacheza, anaondoka, na wimbo unatumika kutangaza filamu wiki kadhaa kabla haijatoka. Watu husema Madhuri Dixit ndiye aliyefungua mlango huo. Mimi naona yeye alisimama mlangoni, na walioingia baada yake wakaacha kitu nje.

Chukua *Ek Do Teen* ya filamu *Tezaab*, 1988. Mohini, anayeigizwa na Madhuri, ana jina, ana baba mlevi anayemlazimisha kucheza jukwaani ili apate fedha, na ana mwanamume anayemngoja. Dansi ilitungwa na Saroj Khan, mwanamke aliyeanza kazi akiwa mtoto, akapanda kutoka kundi la nyuma hadi kuwa mwalimu wa wote. Baada ya wimbo huo jarida la sinema la Filmfare lilianzisha tuzo ya mtunzi bora wa dansi, na ya kwanza akapewa yeye. Ukimfuata Saroj Khan utaona mkazo wake ni uso. Kiuno kinazunguka, ndiyo, lakini nyusi ndizo zinazosimulia, na kamera lazima irudi usoni, la sivyo utapitwa na habari.

Hata *Choli Ke Peeche* ya 1993, ambayo redio na televisheni ya taifa ya India ziliikataa na wakili mmoja akaipeleka mahakamani, inahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Maneno yanauliza kuna nini nyuma ya blauzi, na jibu ni kwamba humo mna moyo. Anayecheza ni askari aliyejifanya mcheza ngoma ili amkamate mhalifu. Kuna picha humo nisizozipenda, kifua kimesogelewa mno. Lakini mwanamke yule yuko kazini, anajua anachokifanya, na anayetazama ndiye anayetegwa.

Sasa weka pembeni yake *Fevicol Se* ya *Dabangg 2*, ambao ndio wimbo mabinti walioutaka. Wanaujua mdundo, hawajui maneno. Kihindi changu ni cha sinema, lakini hayo nayaelewa, nikawatafsiria: dada anasema yeye ni kuku wa tandoori, bwana amteremshe kwa pombe. Sebule ilinyamaza. Katika *Munni Badnaam Hui* ya 2010, filamu ya kwanza ya mfululizo huohuo, mwanamke alijiita dawa ya kuchua. Na Fevicol yenyewe ni gundi. Dawa, gundi, kuku: vitu vya dukani vyote, na mnunuzi ni yule anayepiga makofi. *Dabangg 2* ilitoka tarehe 21 Desemba 2012, siku tano baada ya mwanafunzi kubakwa na kundi la wanaume ndani ya basi mjini Delhi, ubakaji uliomuua. Sisemi wimbo ulifanya tendo lile. Nasema kwamba India nzima ilipoanza kuuliza mwanamke anatazamwaje, nyimbo hizi zilikuwa mezani, na zilistahili kuwapo.

*Sheila Ki Jawani*, nayo ya 2010, ilinipa shida zaidi, kwa kuwa maneno yake ni mazuri. Sheila anawaambia wanaume hawatampata, hamhitaji yeyote, anajipenda mwenyewe. Mkubwa akaniambia, "Shangazi, huyu si ana uhuru wake?" Nikamwambia zima sauti. Tukaitazama kimya. Bila sauti kuna tumbo, kisha mapaja, kisha uso kwa nukta moja, kisha tumbo tena, na kundi la wanaume wenye midomo wazi. Mdomo unakataa, kamera imeshachukua. Mwigizaji Shabana Azmi amelipigia kelele jambo hili hadharani, kwamba mwili wa mwanamke ukikatwa vipande kwa kamera, mamlaka juu ya mwili huo yamemtoka mwenyewe na kuhamia kwa mtazamaji. Jaribio hilo la kuzima sauti ndilo ninalompa kila mzazi. Halihitaji elimu yoyote, na mtoto analielewa mara moja.

Aitemu zote si sawa. *Chaiyya Chaiyya* ya 1998, Malaika Arora akicheza na Shah Rukh Khan juu ya treni inayokwenda milimani, ni aitemu kwa maana ya kwamba dada yule hayumo katika hadithi. Lakini wanacheza wanaume na wanawake pamoja, hatua zilezile, kamera iko mbali kwa sababu inahitaji kuonyesha treni, milima na watu wote. Hiyo niliiruhusu bila kusita.

Kufunika kiuno kwa kompyuta

Niliahidi habari ya nguo. *Padmaavat* ilipokaribia kutoka, mwanzoni mwa 2018, baada ya maandamano na masharti ya bodi ya ukaguzi, kiuno cha Deepika Padukone katika wimbo *Ghoomar* kilifunikwa kwa kompyuta. Ngozi iliyoonekana jana leo ikawa kitambaa. Wimbo wenyewe ni wa heshima: wanawake wanazunguka, sketi zinafunguka kama maua, hakuna picha ya uchu. Mwisho wa filamu ileile, wanawake wale wanaingia motoni wote kulinda heshima, na picha zinapambwa kwa uzuri mkubwa. Tumbo likawa tatizo la kurekebishwa, moto ukapita.

Na sisi wenyewe tuna chakacha. Bibi zetu wamezungusha viuno harusini tangu kabla ya sinema, na hakuna aliyewaita wahuni, maana walicheza wanawake mbele ya wanawake. Mpaka leo usiku wa kupamba simu hukusanywa mlangoni. Kiuno cha chakacha na kiuno cha Sheila ni kilekile. Kilichobadilika ni jicho lililowekwa mbele yake na nani aliliweka hapo. Ndiyo maana simwambii binti asizungushe kiuno.

Rangi na umbo

Hapa sina cha kulinganisha kwa upole. Nyota wa miaka ya 1960 walikuwa na mikono minene na matumbo ya watu wanaokula. Mwaka 2008 Kareena Kapoor alikondeshwa kwa ajili ya *Tashan*, magazeti ya India yakajaa habari za saizi sifuri, na tangu hapo tumbo lililokauka limekuwa sharti la aitemu. Rangi ilikuwa sharti siku zote, lakini miaka ya 2000 ilileta jipya: wasichana kutoka Ulaya wakiwekwa nyuma ya nyota, ili hata kivuli kiwe cheupe. Krimu iliyoitwa Fair & Lovely iliuzwa India tangu 1975, na neno la weupe likaondolewa katika jina mwaka 2020. Huku kwetu vikopo vya mkorogo vinauzwa mpaka vibandani, na vingi vina zebaki au haidrokwinoni, ambazo Kenya na Tanzania zimezipiga marufuku katika vipodozi kwa sababu zinadhuru ngozi, na zebaki inafika mpaka figo. Mtoto wetu alikuwa amekipaka mara tatu. Mama yake amempeleka kwa daktari wa ngozi, na uso wake uko salama.

Basi, ipi kwa nani

Kama unatafuta filamu ya kutazama na familia yote, chukua *Guide*. Ina mambo ya ndoa ya kuzungumza, na hakuna ngoma utakayohitaji kuiruka. Kwa mabinti wa chuo wanaopenda kubishana, oanisha Helen na Sheila usiku mmoja, uone watakavyokesha. Kwa dansi ya watu wazima walioketi, *Umrao Jaan*. Kwa kundi kubwa la mchanganyiko, *Chaiyya Chaiyya*, ingawa sakafu iwe pana. *Pakeezah* iweke kwa usiku wako peke yako.

Kuna moja nyingine niliyosita kuitaja. Katika *Queen* ya 2014, Rani, msichana aliyeachwa na mchumba kabla tu ya ndoa, anacheza peke yake klabuni Paris, amevaa kurta yake ya kawaida, hajui kucheza vizuri wala hajali. Amelewa, na kwa sababu hiyo sikuwaonyesha wadogo. Lakini kwa mwanamke aliyetoka katika uchumba uliovunjika, sijaona ngoma ya kumfaa kuliko hiyo.

Na kwa biharusi wetu tumekubaliana *Dola Re Dola* ya *Devdas*, 2002, kazi nyingine ya Saroj Khan. Madhuri na Aishwarya Rai wanampenda mwanamume mmoja, mmoja ni tawaif na mwingine mke wa nyumba kubwa, na wanacheza wamevaa sare, bega kwa bega, hakuna anayemzidi mwenzake. Kamera inawapa uso, mkono na nyayo. Aishwarya ana rangi ileile ya sharti, ndiyo, na niliwaambia hivyo. Hatua ni ngumu lakini zinafundishika kwa wiki tatu tukianza Jumamosi hii baada ya alasiri. Biharusi na wifi yake wataingia wa mwisho, wale sita wakiwazunguka.

Mdogo nimemweka mbele, kwa kuwa ndiye mwenye nyayo nyepesi kuliko wote. Njuga zimeshafika, na mama yake ananiambia anazivaa hata akiosha vyombo.